Zuhura Haikaliki

Majuzi nilikuwa sokoni Gitega nikinunua turubai la kuanikia maharage. Muuzaji alilikunjua mbele yangu kwa kishindo, na harufu yake ikanifika kabla sijasema neno. Turubai jipya lina harufu yake ya pekee, kali kidogo, kama viatu vya plastiki vilivyosahauliwa juani. Watu wengi wa rika langu katika nchi hii wanaijua kwa sababu walilala chini yake kambini. Mimi sikulala chini yake hata siku moja. Naijua kwa sababu ya vitabu.

Vilikuwa vitabu vinne vya picha, kila kimoja kimevalishwa jalada la turubai na kushonwa pembeni kwa uzi mnene. Vililetwa nyumbani kwetu na Editha, mwanamke ambaye baba yangu alimwoa baada ya mama yetu kufariki. Tuliishi Gitega, katika mtaa wa Waislamu, ndani ya ua mmoja wenye nyumba mbili. Moja ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba. Nyingine ilikuwa yetu: Baba, mimi, na mdogo wangu Saidi, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa kaptula iliyofungwa kwa kamba. Baba alikuwa fundi cherehani. Vitambaa alivifuata Kobero, mpakani, upande wa Muyinga, na huko ndiko alikomwona Editha. Watu wake walikuwa wakulima wa Butihinda, Wakristo. Yeye mwenyewe alizaliwa na kulelewa kambini Tanzania, akafundisha huko watoto wa chekechea, na familia yake ilikuwa imerudi Burundi si zamani sana.

Bibi alipopewa habari alisema, "Mukristo, mulimaji, na tena mutu wa ng'ambo," kwa sauti ya mtu anayeonyeshwa matundu kwenye ndoo anayotaka kuuziwa. Kisha akafagia ua, akatandika mkeka, akampokea. Adabu ilikuwa adabu.

Tuliambiwa tumwite Mama Mdogo. Hatukumwita kitu. Tulikuwa tunasimama karibu naye mpaka atuone.

Hakutusukumia vitabu. Siku moja alasiri aliweka kimoja juu ya kigoda, akaenda kuosha vyombo na kutupa mgongo. Saidi ndiye aliyekwenda kwanza. Juu ya jalada, pale turubai lilipokatwa ili picha ionekane, palichorwa kitu cheusi chenye pua kali, kikitoa moshi nyuma, na kuzunguka kwake giza lenye vidoadoa.

"Unaona nini?" aliuliza Mama Mdogo bila kugeuka.

"Pasi," alisema Saidi.

Kweli kilifanana na pasi ya mkaa ya Baba, ile aliyoipepea kila asubuhi mlangoni. Nilingoja amrekebishe, maana watu wazima wa kwetu hawakuacha kosa la mtoto lipite.

"Sawa, pasi," alisema. "Inakwenda wapi?"

Saidi alifikiri. "Juu."

"Huko juu kuna nini?"

Hakuna aliyejua, na hivyo ndivyo tulivyoanza. Chombo kiliitwa Chiriku, lakini nyumbani kwetu kilibaki pasi. Ndani yake walikuwa watoto watatu: Pendo aliyekuwa nahodha, Mako aliyekuwa fundi, na mdogo wao Tito, ambaye kazi yake ilikuwa kuogopa. Walikuwa wakimtafuta mjomba wao aliyepotea kati ya nyota na chombo kikubwa cha mizigo. Kila alasiri jua likilegea tulikaa kizingitini, Mama Mdogo katikati, na adhana ya magharibi ikiadhiniwa alifunga kitabu hata kama Tito alikuwa ananing'inia nje kwa mkono mmoja. Yeye hakuwa Mwislamu, lakini hakuwahi kusoma adhana ikiendelea.

Kitabu cha kwanza hakukisoma. Nilikuja kulielewa hilo baadaye sana, nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe. Alifungua ukurasa, akauliza tunachokiona, na kile tulichosema ndicho kilichokuwa hadithi. Saidi alipewa kazi ya mlio wa injini. Mimi nilipewa kazi ya kusema "Tayari, nahodha." Palikuwa na ukurasa mmoja mweusi mtupu, mahali ambapo taa zote za chombo zilizimika, na Saidi aliukimbia mara ya kwanza. Mara ya pili Mama Mdogo aliufunika kwa kiganja chake, akamwambia ainue vidole vyake, kimoja kimoja, apendapo. Alasiri ile Saidi aliinua kidole kidogo tu. Ilichukua siku nyingi kufika kwenye dole gumba.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshajijengea jambo langu kichwani. Watu wa mtaani walisema Mama Mdogo ametoka ng'ambo. Sikujua ng'ambo ni upande wa pili wa mpaka. Nilijua tu kwamba kila mtu alilitamka neno hilo huku akitupa mkono mbali. Tena hakusema Kiswahili kama sisi. Sisi tulisema "mi iko hapa", "mama haiko", "ile vitu". Yeye alisema "nipo", "hayupo", "vile vitu", na maneno yake yalishikana kama shanga. Pendo na Mako walisema hivyo hivyo. Nikaamua kwamba hicho ndicho Kiswahili cha nyota, na kwamba Mama Mdogo alikuwa mmoja wa watu wa pasi, aliyeshuka kwa sababu ambazo wangetuambia siku moja. Sikuliona kuwa jambo la kushangaza. Baba alikuwa akisafiri sana.

Tulipomaliza kitabu cha kwanza akatuambia, "Sasa mmekua. Cha pili nitawasomea kilichoandikwa." Na sauti yake ikabadilika. Iliacha kuuliza. Maneno yalitoka kwa mwendo mmoja, mengine nikiyajua na mengine yakinipita kama watu wa harusi ya jirani.

Jioni ile chombo kilikuwa kinakaribia mpira mkubwa wa rangi ya manjano. Mama Mdogo alifungua ukurasa, akausoma kimoyomoyo, akanitazama, akataka kufunua unaofuata. Saidi akamkamata mkono. Hakupenda kurukwa ukurasa, maana mlio wake wa injini ulikatika. Basi akasoma. "Zuhura ni sayari isiyokalika. Joto lake huyeyusha risasi, na mawingu yake ni sumu. 'Zuhura haikaliki,' alisema nahodha Pendo. 'Tugeuze chombo.'"

Mimi ndiye Zuhura.

Neno sayari sikulijua. Katika kitabu cha kwanza hatukulihitaji, tulikuwa na nyota na dunia na pasi. Lakini shari nililijua vizuri, Bibi alilitumia kila siku kwa watoto, kuku na mvua. Hivyo nilichosikia ni kwamba Zuhura ni shari. Mtu aliyelelewa Tanzania angesikia ile "haikaliki" akajua mara moja kwamba si mtu anayesemwa, maana mtu angekuwa "hakaliki". Sisi hatukuwa na tofauti hiyo. Mtu iko, meza iko, Mungu iko. Sumu niliijua. Risasi niliijua kwa maana nyingine. Na "tugeuze chombo" hakuna asiyeielewa.

Sikulia. Niliinuka, nikavuka ua, nikaingia nyumbani kwa Bibi na kupanda kitandani kwake na viatu. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Wale watu wa pasi walikuwa wamenichunguza kwa mbali, wakaandika walichokiona, na Mama Mdogo alikuwa ametumwa kunisomea.

Nilikaa kwa Bibi. Mama Mdogo alikuja kuniita kula, nikageukia ukuta. Alikuja tena kesho yake na uji, akauweka karibu na mlango, na uji ukaota ngozi. Baba alikuwa amekwenda Kobero. Mwishowe Bibi akanikalisha mbele yake, akanishika kidevu.

"Zuhura. We unagonjwa?"

"Hapana."

"Alors? Alikufanya nini?"

"Kitabu yake inasema mi ni shari," nikamwambia. "Inasema niko na sumu. Hakuna mutu anaweza kaa na mi. Wanataka kugeuka."

Bibi aliniachia kidevu taratibu. Hakuuliza zaidi. Alijifunga kanga yake ya pili kiunoni, akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Mama Mdogo alikuwa anapepeta mchele uani, na majirani wawili walikuwa wamekaa naye.

"Weye mwanamuke," alisema Bibi. "Unaita mutoto yangu shari?"

Mama Mdogo alisimama na ungo mkononi. "Shari? Mama, sijamwita hivyo."

"Iko mu kitabu yako! Eti iko na sumu! Eti hakuna mutu anaweza kaa na yeye!"

"Mama, hebu tukae nikueleze. Kile kitabu..."

"Mutoto wa umri ile hawezi tunga maneno kama hiyo. Mi nilisema toka mwanzo. Mutu akitoka ng'ambo, haujui analeta nini mu mizigo."

Majirani waliinamisha vichwa, kila mmoja akaona jiwe la kutoa kwenye mchele ambao haukuwa wake. Mama Mdogo alimtazama Bibi, kisha akanitazama mimi pale mlangoni. Nilikuwa nangoja akanushe kwamba anatoka huko. Hakukanusha. Alimimina mchele ndani ya beseni, akaufunika vizuri, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mfuko mmoja begani, na vitabu vilikuwa ndani, niliona kona ya turubai. Alimuaga Bibi kwa heshima, kwa ile "Shikamoo, Mama" yake ambayo Bibi hakuwahi kujua aiitikie vipi, akatoka. Saidi alimfuata hadi njia kubwa akitoa mlio wa injini, kisha akarudi peke yake akiwa kimya.

Baba alirudi jioni ile ile. Baadaye tulihesabu kwamba gari lake na gari la Mama Mdogo lazima yalipishana mahali fulani kabla ya Karuzi, yeye akiteremka na vitambaa, Mama Mdogo akipanda kwao. Alimsikiliza Bibi mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Alipepea pasi yake, akashona suruali za watu siku ile na siku zilizofuata, na alipokuwa akishona hakuimba. Saidi alikuwa akimwuliza kila asubuhi kitabu kiko wapi, na Baba alikuwa akimjibu kila asubuhi kwamba kiko Muyinga.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alimwambia Bibi, "Mama, jiandae. Tunaenda kumurudisha."

"We uende. Mi naenda kufanya nini kule kwa walimaji?"

"We ndiye ulisema," alisema Baba. "Itabidi useme tena kule, mbele ya wazazi wake. Kama ni kweli, watakusikia."

Kwetu mwanamke akirudi kwao kwa ugomvi huitwa kwahukana, na mume haendi kumchukua mikono mitupu wala peke yake. Tulikwenda wote wanne, na kreti ya soda. Toka mjini Muyinga tulipanda gari jingine hadi Butihinda, na mwisho tulitembea kwa miguu kati ya migomba, Bibi akiwa mbele amekunja kanga, akikanyaga matope kama anayeyafanyia hisani.

Nyumba ya kina Editha ilikuwa ya matofali mabichi na bati jipya. Baba yake na mama yake walitupokea kwa salamu ndefu, wakatupa viti. Wao pia walisema Kiswahili cha nyota. Nilijibana nyuma ya Baba. Nilikuwa nimeletwa kwao kabisa, nilidhani, kwa wale wote walioandika.

Soda ziligawiwa. Mama yake Editha, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akasema, "Wageni wetu, tunawashukuru kwa kuja. Tungependa kujua kosa la mtoto wetu."

Bibi akalisema. Nyumbani lilikuwa limesikika kubwa. Pale, katika chumba kile chenye picha ya Bikira Maria na kalenda ya mwaka uliopita, lilisikika dogo zaidi, na nafikiri yeye mwenyewe alilisikia hivyo, maana alilirudia. Editha alikuwa amekaa karibu na mlango wa ndani. Aliinuka, akarudi na kitabu cha pili, akakifungua mahali penyewe na kukiweka mapajani mwa Bibi.

"Tazama, Mama."

Bibi alisoma Kurani vizuri, lakini herufi hizi hakuzijua. Alikisukuma kwa Baba. Baba alisoma kama alivyoshona, pole pole na bila kuruka. "Zu-hu-ra ni sa-ya-ri..."

"Sayari," alisema mama yake Editha. "Kama hii dunia yetu. Zuhura ni ile nyota kubwa ya alfajiri."

"Nyota?" Bibi aliuliza.

"Nyota, Mama," alisema Baba. "Hawasemi mutoto. Wanasema nyota."

Bibi alichukua kitabu tena, akautazama ule mpira wa manjano kwa muda mrefu. "Na inasema iko moto?"

"Ndiyo."

"Hakuna mutu anaweza kaa na yeye?"

"Ndivyo kinavyosema."

Bega la Bibi likaanza kutikisika. Nilidhani analia. "Yoo," alisema, "mais hiyo kitabu inamujua mama mukwe wangu!" Jina langu lilikuwa la huyo, mama yake babu, Zuhura wa kwanza, ambaye sikumkuta. "Nilikaa na yeye ndani ya nyumba moja mupaka alipokufa. Moto! Hata risasi angeyeyusha!" Baba akacheka, wazazi wa Editha wakacheka, na Saidi akacheka kwa sababu wengine walicheka.

Editha hakucheka.

"Mama," alisema, akingoja kelele ziishe. "Siku ile hukuniuliza."

Kicheko kilikatika. Bibi alimtazama. Kuku aliingia, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

"Kweli," alisema Bibi. "Sikukuuliza."

Kisha Editha akanigeukia mimi. "Na wewe, Zuhura? Ulinikimbia kwa sababu ya maneno ya kitabu tu?"

"We iko mutu wa pasi," nilisema.

Hakuelewa. Saidi ndiye aliyefafanua, kwa subira, kama mtu anayewaeleza wageni njia. "Anasema we na wao muko wamoja. Mulitoka ng'ambo."

Baba yake Editha aliweka chupa yake chini. Editha alipiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mimi nilizaliwa kambini Tanzania," alisema. "Unajua huko walituitaje? Watu wa ng'ambo." Akanyoosha mkono kuelekea dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila migomba. "Ng'ambo waliyoisema ni hapa."

Sikuyaelewa yote. Nilielewa kwamba hakuna aliyemtuma.

Hakurudi nasi siku ile. Alisema atamsaidia mama yake kuvuna maharage, na Baba akakubali bila kubishana. Alikuja mwenyewe maharage yalipokauka, na gunia lake moja, na Bibi akampokea kwenye njia kubwa. Tuliendelea pale tulipoishia. Ukurasa ule ulisomwa kama ulivyoandikwa, bila kurukwa, na baada ya muda nikaanza kujivuna nao mtaani. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba mimi sikaliki, kwamba chombo kizima kilinijia na kugeuka.

Mabadiliko yalikuwa mahali pa kukaa tu. Bibi alisema kizingitini kwetu kuna baridi, tukasomee uani. Yeye hakuja kusikiliza. Alikuwa tu na maharage ya kuchambua, kila alasiri, hatua chache kutoka tulipo. Alivumilia hadi mwisho wa kitabu cha pili. Siku tulipoanza cha tatu alishindwa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hao watoto, nani anawapikia?"

Mama Mdogo alifunua nyuma, akafunua mbele. "Kitabu hakisemi, Mama."

"Haisemi? Watoto watatu, kila siku mu ile chuma, na hakuna mutu anapika? Hiyo ni kitabu gani?"

Mama Mdogo aliinamia ukurasa. Nilikuwa ubavuni kwake, niliona kidole chake kinafuata mstari. "'Na nyuma kabisa ya chombo,'" alisoma, kwa ile sauti yake ya mwendo mmoja, "'palikuwa na jiko. Na jikoni alikuwamo bibi yao, ambaye safari hii hakuipenda tangu mwanzo.'"

"Ndiyo," alisema Bibi, akarudia maharage yake. "Sasa endelea."

Toka hapo alikuwamo. Alimkaripia Mako kwa mikono michafu, alikataa kupika karibu na mwezi wenye barafu, na walipompata mjomba mwishoni mwa kitabu cha nne, kwenye pete za Zohali, yeye ndiye aliyemwuliza kwa nini hakutuma hata salamu. Mwaka uliofuata nilijua kusoma. Nilivichukua vile vitabu vinne, nikavipitia toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kidole chini ya kila mstari, kisha nikaanza upya. Hapakuwa na jiko. Hapakuwa na bibi. Nilimwita Saidi, nikamwonyesha picha moja moja, na yeye akatazama kila moja kwa makini kama nilivyomtaka.

Sasa ni fundi wa umeme mjini Muyinga, ana watoto wake. Mpaka leo anashikilia kwamba picha ya yule bibi ilikuwapo: ukurasa wa kulia, amejifunga kanga mbili, ameshika mwiko, anatazama nje dirishani na haridhiki na anachokiona.